Ini, Protini na Jina la Ugonjwa: Uhakiki wa Maandishi ya Hugh Trowell kuhusu Unyafuzi, Yakisomwa kutoka Petite Barrière

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maandishi ya daktari Hugh Carey Trowell (1904–1989) kuhusu ugonjwa wa unyafuzi, hasa kitabu Kwashiorkor alichokiandika pamoja na J. N. P. Davies na R. F. A. Dean na kukichapisha London mwaka 1954, kutokana na kazi yao katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Hoja kuu ni kwamba maandishi hayo yana thamani ya kudumu kama maelezo ya ugonjwa, ikiwemo hali ya ini, lakini hatua ya kutoka kwenye maelezo hadi kwenye kisababishi kimoja, yaani ukosefu wa protini, ilipita uwezo wa ushahidi uliokuwepo. Hatua hiyo iliongoza sera za lishe kwa takribani miaka 20, na bado imehifadhiwa katika namna Kiswahili kinavyoufafanua ugonjwa huo. Petite Barrière, kituo cha mpaka kati ya Gisenyi na Goma, kinatumika kama mahali pa kupimia: je, maelezo ya mwaka 1954 yanamsaidia nini mshauri wa sera anayeshughulikia mtoto ambaye chakula chake hupita mpakani kila siku?

1.0 Utangulizi

Petite Barrière huunganisha mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu nchini Rwanda, na mji wa Goma katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kabla ya janga la UVIKO-19, kituo hiki kilihesabiwa miongoni mwa vituo vya mpaka vyenye wapita kwa miguu wengi zaidi barani Afrika. Wengi wa wafanyabiashara wadogo wanaokitumia ni wanawake. Hubeba kichwani, mgongoni na mikononi mboga, viazi, maharagwe, mayai, unga na sambaza wa Ziwa Kivu. Faida ya siku ndiyo hununua mlo wa siku. Kwa familia hizo, habari ya lishe haitengani na habari ya lango: saa linapofunguliwa, linapofungwa, na kinachodaiwa katikati.

Pamoja na bidhaa, kuna neno linalovuka mpaka bila muhuri. Mtoto aliyevimba miguu na uso, ambaye nywele zimepauka na ngozi inabanduka, husemwa katika Kinyarwanda kuwa ana bwaki. Neno hilohilo linajulikana Kivu, na mjini Bukavu kamati iliyoundwa kupambana na utapiamlo ililichukua liwe jina lake. Kiswahili sanifu kina neno unyafuzi, pamoja na mkopo kwashakoo. Mwanafunzi wa shule ya msingi anapofundishwa maana ya unyafuzi, kwa kawaida huambiwa kwamba ni ugonjwa unaotokana na ukosefu wa protini. Maelezo hayo ni mafupi, yanakumbukika, na yanatolewa kana kwamba hayana mwandishi.

Hata hivyo, yana asili. Sehemu kubwa ya asili hiyo imo katika maandishi ya Trowell na wenzake wa Kampala. Kuyasoma upya ni kuuliza kama Kiswahili, ambacho Bunge la Rwanda lilikiidhinisha kuwa lugha rasmi Februari 2017, kinaingia katika huduma za afya za mpakani kikiwa na fasili iliyo sahihi.

2.0 Safari ya Jina, 1929–1954

Trowell alifika Kenya mwaka 1929 akiwa daktari wa serikali ya kikoloni, kisha akahamia Uganda mwaka 1935, ambako alifanya kazi Mulago hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika miaka hiyo, Cicely Williams, daktari aliyekuwa Accra, alichapisha makala mawili, la mwaka 1933 na la mwaka 1935, kuhusu watoto waliovimba baada ya kuachishwa ziwa na kulishwa mahindi. Katika makala la pili alitumia jina la lugha ya Kiga, kwashiorkor, alilofasiriwa kuwa ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa nafasi yake mdogo wake anapozaliwa.

Trowell hakukubaliana na Williams mara moja. Mwaka 1937 aliandika juu ya watoto wa aina hiyohiyo chini ya jina la pelagra, ugonjwa uliokwisha kujulikana kuwa unahusiana na upungufu wa vitamini. Mwaka 1945, akiandika pamoja na daktari Mganda Eria Muwazi, alitumia jina lingine lililomaanisha utapiamlo mbaya unaoua. Ilipofika mwaka 1954 alikuwa amerudi kwenye neno la Williams, na kitabu kizima kikabeba jina hilo.

Mabadiliko haya matatu ni sifa ya kwanza ya maandishi ya Trowell. Ni mtafiti aliyekubali hadharani kwamba jina alilolitumia halikulingana na wagonjwa aliowaona wodini. Watoto waliotibiwa kwa vitamini za pelagra hawakupona kama ilivyotarajiwa, naye akaliacha jina. Uaminifu wa namna hii si wa kawaida katika maandishi ya tiba ya kikoloni, ambamo mara nyingi mgonjwa ndiye aliyelazimishwa kulingana na jina.

Lakini kuna jambo ambalo msomaji wa leo hana budi kuliona. Jina la Kiga halitaji kirutubishi chochote. Linataja tukio la kijamii: mtoto mmoja amezaliwa, mwingine amepoteza nafasi. Katika Buganda nako kulikuwa na jina, obwosi, lililouhusisha ugonjwa na mtoto ambaye mama yake ameshika mimba nyingine. Kitabu cha 1954 kinaeleza majina ya kienyeji, kisha kinayaweka kando ili kutafuta maana ndani ya damu, kongosho na ini. Lilibaki neno, maana yake ya kijamii haikuongoza tena utafiti.

3.0 Ini kama Ushahidi

Sehemu zenye nguvu zaidi za kitabu ni zile zinazoeleza miili ya watoto. Davies, aliyekuwa mwanapatholojia wa Kampala, alikwishaonyesha mwaka 1948 kwamba kongosho la mtoto mwenye unyafuzi husinyaa na kwamba ini lake hujaa mafuta. Mafuta hayo huanza kuonekana pembezoni mwa vishikizo vya ini, karibu na mishipa inayoingia, kisha husambaa hadi ini lote likawa la rangi ya njano na kuvimba. Mwaka 1952 Trowell na mwenzake M. D. Thompson walionyesha kwamba vimeng'enya vya kongosho katika utumbo wa watoto hao vilipungua sana, na kwamba huongezeka tena mtoto anapopata nafuu.

Maelezo haya yamedumu. Daktari anayefungua kitabu cha patholojia leo atakuta ini lenye mafuta, albumini iliyoshuka katika damu, na uvimbe wa miguu vikitajwa kama alama za unyafuzi, tofauti na nyongea, ambayo mtoto hukonda bila kuvimba. Kwa upande wa maelezo, hukumu ya haki ni kwamba Kampala ya miaka ya 1940 na 1950 ilitoa kazi ya kiwango cha juu duniani.

Tatizo linaanza pale ini linapogeuzwa kuwa shahidi wa mambo ambalo halikuyaona. Katika muongo huo kulikuwa na nadharia tete iliyovutia wengi: kwamba ini lililojaa mafuta utotoni hukakamaa na kupata sirosisi ukubwani, na kwamba sirosisi hiyo ndiyo chanzo cha saratani ya ini iliyokuwa ikionekana kwa wingi miongoni mwa watu wazima wa Afrika Mashariki na Kusini. Mantiki yake ilikuwa nyepesi: ini bovu mwanzoni, ini bovu mwishoni, basi ni njia moja.

Wakati haukuithibitisha nadharia hiyo. Watoto waliopona unyafuzi walipofuatiliwa, ini lao lilirudi katika hali ya kawaida. Katika miaka ya 1960 yalipatikana mambo mawili yaliyobadilisha mjadala: kirusi cha homa ya ini aina ya B, na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu katika nafaka na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Mwaka 1971 watafiti wa Uganda na Marekani walichapisha ushahidi uliohusisha kiasi cha sumukuvu katika vyakula vya maeneo mbalimbali ya Uganda na wingi wa saratani ya ini. Mwaka 1973 utafiti mwingine kutoka Murang'a, Kenya, ukaelekea huko huko. Ini la mtu mzima lilikuwa na historia yake, ambayo haikuwa mwendelezo wa moja kwa moja wa ini la mtoto.

Si haki kuwalaumu watu wa 1954 kwa kutojua yaliyogunduliwa baadaye. Uhakiki unalenga namna ya kufikiri. Kilichoonekana katika kiungo kilichukuliwa kuwa ni ushahidi wa kile kilichokosekana katika sahani na wa kile kitakachotokea baada ya miaka 30. Maelezo, utaratibu wa ugonjwa na kisababishi ni mambo matatu, na kila moja linahitaji ushahidi wake.

4.0 Kutoka Wodini hadi kwenye Sera

Hatua hiyo hiyo ilifanywa kuhusu protini. Dean, aliyeongoza kitengo cha Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza mjini Kampala, aliboresha matibabu kwa mchanganyiko wa maziwa yaliyoondolewa mafuta na mafuta ya mimea. Watoto waliokuwa wakifa sasa walipona. Kwa kuwa maziwa yana protini nyingi, na kwa kuwa ndizi na muhogo vina protini kidogo, hitimisho lilionekana wazi.

Lakini maziwa si protini peke yake. Yana nishati, potasiamu, magnesiamu, fosforasi na zinki, ambavyo vyote hupungua mwilini mwa mtoto mwenye unyafuzi. Maziwa yaliponya, haikufuata kwamba protini ndiyo iliyokosekana. Mgonjwa anayepona kwa supu hathibitishi kwamba aliugua kwa kukosa chumvi iliyomo ndani yake.

Kutoka Kampala na vituo vingine, hitimisho hilo liliingia katika meza za mashirika ya kimataifa. Ripoti ya J. F. Brock na M. Autret ya mwaka 1952, iliyotolewa kwa niaba ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya chakula, iliutangaza unyafuzi kuwa tatizo kuu la lishe barani Afrika. Mwaka 1955 kiliundwa kikundi cha kimataifa cha ushauri kuhusu protini. Mwaka 1968 Umoja wa Mataifa ulitoa waraka wa kuhimiza hatua za kuzuia janga la protini lililodhaniwa kuwa karibu. Fedha zilielekezwa kwenye unga wa samaki, unga wa karanga na bidhaa nyingine zilizobuniwa ili kujaza pengo hilo.

Mwaka uleule wa 1968, C. Gopalan wa India alieleza kwamba chakula cha watoto waliopata unyafuzi hakikutofautiana na cha watoto waliopata nyongea katika jamii zilezile. Mwaka 1974 Donald McLaren aliuita mradi mzima wa protini kushindwa kukubwa, katika makala yaliyochapishwa kwenye jarida la The Lancet. Mwaka uliofuata J. C. Waterlow na P. R. Payne walihoji kama pengo la protini lilikuwepo kabisa, kwa kuwa watoto wengi waliokosa protini walikuwa kwanza wamekosa chakula cha kutosha.

Tangu hapo nadharia zimefuatana. Mwaka 1987 Michael Golden alipendekeza kwamba kiini ni mwili kushindwa kujikinga dhidi ya kemikali haribifu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2005 kutoka Malawi halikuonyesha kwamba virutubishi vya kinga hiyo huzuia unyafuzi. Mwaka 2013 utafiti wa watoto mapacha, nao wa Malawi, ulielekeza macho kwenye vijidudu vya utumbo. Hakuna nadharia hata moja iliyofunga mjadala.

Athari ya jambo hili si ya kinadharia tu. Maziwa ya tiba yanayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa siku za kwanza za matibabu, yajulikanayo kama F-75, yana gramu 0.9 tu za protini katika mililita 100. Yale ya hatua ya pili, F-100, yana gramu 2.9. Sababu ni kwamba ini na figo za mtoto huyo haziwezi kubeba mzigo wa kawaida wa protini mwanzoni. Hivyo mzazi, au mhudumu, aliyefundishwa kwamba unyafuzi ni kukosa protini anaweza kumlisha mtoto aliyevimba mayai na nyama kwa nia njema siku ileile anayopaswa kulishwa kidogo kidogo na kwa tahadhari. Fasili pungufu inaweza kuua.

5.0 Waliokosekana Ukurasani

Uhakiki wa maandishi haya haukamiliki bila kutazama sauti zilizomo na zisizomo. Muwazi ni mwandishi mwenza wa makala ya 1945. Alikuwa miongoni mwa madaktari Waganda wa kizazi cha kwanza, naye alizungumza na mama wa watoto kwa lugha yao. Katika jalada la kitabu cha 1954 hayupo. Waandishi ni watatu, wote kutoka Uingereza. Kwa kila mtafiti wa historia ya sayansi katika ukanda huu, jina la Muwazi ni ukumbusho kwamba maarifa ya Kampala hayakutengenezwa na wageni peke yao.

Mama wa mtoto naye anaonekana kwenye kitabu kama mtu anayepaswa kuelimishwa. Jennifer Tappan, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu historia ya utapiamlo nchini Uganda, ameonyesha jinsi mafanikio ya maziwa hospitalini yalivyowafundisha wazazi somo ambalo madaktari hawakulikusudia: kwamba dawa ya mtoto ni chupa. Marekebisho yalikuja mwaka 1965 kwa kuanzishwa kituo cha Mwanamugimu hapohapo Mulago. Jina lake limetokana na methali ya Kiganda inayosema kwamba mtoto mwenye siha hutoka kwenye mbeleko. Kituo hicho kiliwafundisha mama kupika kitobero, mchanganyiko wa vyakula vya nyumbani kama maharagwe, ndizi na mboga. Swali liligeuka: badala ya kuuliza ni kirutubishi gani kimekosekana, wakauliza mama huyu anaweza kupata nini, wapi na kwa bei gani.

Ni vema pia kutaja kazi ya Trowell baada ya Uganda. Katika miaka ya 1970, akiwa na Denis Burkitt, alikuwa miongoni mwa walioujulisha ulimwengu umuhimu wa nyuzinyuzi katika chakula, na kitabu chao cha mwaka 1975 kilihusisha vyakula vilivyokobolewa na maradhi ya nchi tajiri. Mchango huo ni mkubwa. Hata hivyo, mhakiki anaona tabia ileile ya kufikiri: ugonjwa mwingi, kiungo kimoja cha chakula kilichopungua. Kwanza protini, kisha nyuzinyuzi. Leo ini lenye mafuta linaonekana kwa wingi miongoni mwa watu wenye unene na kisukari, wakiwemo wa miji ya Afrika Mashariki. Mafuta yaleyale yaliyosomwa Mulago kama alama ya upungufu, sasa husomwa kama alama ya ziada. Ini halisemi sababu. Husema tu kwamba limelemewa.

6.0 Jibu la Kivu

Kusini mwa Goma, katika eneo la Kabare karibu na Bukavu, kuna Lwiro, ambako kituo cha utafiti cha wakati wa ukoloni wa Ubelgiji kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Hapo H. L. Vis na wenzake walichunguza unyafuzi kwa vipimo vya damu na mkojo, na kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu asidi-amino zinazopotea kwa njia ya mkojo kinasimama sambamba na kazi ya Kampala. Hospitali ya watoto ya Lwiro iliendelea kutibu na kuandika kumbukumbu kwa miongo mingi, hata vita vilipokuja.

Kumbukumbu hizo zimewezesha jambo ambalo Kampala ya 1954 haikuweza kulifanya. Kuanzia mwaka 2020, Pacifique Mwene-Batu na wenzake wamechapisha matokeo ya kuwafuatilia watu wazima waliotibiwa utapiamlo mkali hapo Lwiro kati ya mwaka 1988 na 2007, wakiwalinganisha na majirani wao ambao hawakuugua. Waliougua utotoni walikutwa na kimo kifupi zaidi, elimu ndogo zaidi na alama za chini zaidi katika vipimo vya uwezo wa akili.

Umuhimu wa kazi hii ni mkubwa kwa hoja ya makala haya. Waandishi wa 1954 walipojiuliza mtoto aliyepona atakuwa nani, walitazama ini, wakaogopa saratani. Kundi la Lwiro linajibu kwamba deni la unyafuzi hulipwa darasani na kazini. Ni jibu lililopatikana kwa kuwarudia watu nyumbani mwao, baada ya miaka mingi, na lilitolewa na watafiti wa eneo lenyewe.

7.0 Petite Barrière kama Kipimo

Ikiwa unyafuzi ni ukosefu wa protini, basi mshauri wa sera akisimama Petite Barrière atahesabu mayai, sambaza na maharagwe yanayopita, na kuridhika yakiwa mengi. Hesabu hiyo itaficha mambo matatu.

La kwanza ni kwamba anayebeba chakula si lazima awe anayekila. Mwanamke anayepeleka mayai sokoni huyauza ili anunue unga. Mtoto wake huishi kwa tofauti kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia, baada ya kutoa ushuru, ada na hasara ya nyanya zilizooza. Mwezi Machi 2020 mipaka ilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, magari ya mizigo yaliruhusiwa, lakini mwenye kikapu alizuiwa. Chakula kiliendelea kuvuka, kipato kilikatika. Kipimo cha protini hakioni tofauti hiyo.

La pili ni sumukuvu. Mahindi na karanga, ambavyo sera za enzi ya protini zilivipigia debe au kuvipa nafasi kubwa katika uji wa watoto, ndivyo vinavyoshambuliwa zaidi na ukungu. Nchini Kenya, mwaka 2004, sumukuvu katika mahindi iliwadhuru watu 317 waliorekodiwa, na 125 kati yao walifariki kwa ini kushindwa kufanya kazi. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 tu za sumukuvu katika kilo moja ya mahindi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, kisha ikalegeza kwa masharti ya vyeti. Kongo ilipokubaliwa katika Jumuiya mwaka 2022, lango la Gisenyi na Goma liliingia katika eneo la viwango hivyo. Mfanyabiashara mkubwa anaweza kulipia cheti. Mwenye kilo 20 kichwani hawezi. Kiwango kisichofuatana na huduma ya kupima kwa bei nafuu humwondoa mwenye kikapu sokoni bila kuondoa sumu kwenye uji.

Hapa pia onyo la sehemu ya tatu linarudi. Mwaka 1982 R. G. Hendrickse na wenzake walieleza kwamba sumukuvu ilionekana zaidi kwa watoto wa Sudan wenye unyafuzi, na wakapendekeza kwamba huenda ndiyo kisababishi. Wengine wakajibu kwamba ini lililokwisha kudhoofika hushindwa kuiondoa sumu, hivyo kuwepo kwake kunaweza kuwa matokeo. Hoja hizo mbili zinafaa kubaki mezani pamoja. Kuiondoa protini na kuiweka sumukuvu katika kiti kilekile cha kisababishi pekee ni kurudia kosa kwa jina jipya. Sumukuvu inapaswa kudhibitiwa kwa sababu inaharibu ini na kusababisha saratani, jambo lililothibitishwa, bila kusubiri iwe jibu la kila kitu.

La tatu ni usalama. Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Gisenyi kwenda Goma kwa siku chache. Kundi la wataalamu wa epidemiolojia waliofanya kazi Goma lilikadiria kwamba takribani watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu, na kwamba ilipofika mwanzoni mwa Agosti kati ya asilimia 18 na 23 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa na utapiamlo wa ghafla. Mei 2021 mlima Nyiragongo ulipolipuka, watu walikimbia kwa kuelekea upande wa pili. Katika mazingira hayo maambukizi, kuhara na njaa huja pamoja. Mtoto hapotezi protini kwanza. Hupoteza mahali pa kulala, maji safi na mtu wa kumlisha. Jina la Kiga lililosema kwamba mtoto ameondolewa nafasi yake linaeleza hali hiyo kwa usahihi zaidi kuliko fasili ya kirutubishi.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Maandishi ya Trowell yastahili kusomwa na kila mtafiti wa lishe katika ukanda huu kwa mambo mawili: ubora wa maelezo yake, na ujasiri wa kubadili jina pale wagonjwa walipolikataa. Udhaifu wake ni kuamini kwamba kiungo kikitazamwa vizuri vya kutosha kitataja sababu ya ugonjwa. Sera zilizofuata zilichukua udhaifu huo na kuacha ujasiri.

Kutokana na uhakiki huu, mapendekezo matatu yanatolewa. Kwanza, vyombo vinavyosimamia istilahi za Kiswahili, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, viifanyie marekebisho fasili ya unyafuzi katika kamusi na vitabu vya shule. Fasili inayopendekezwa ni hii: aina kali ya utapiamlo wa mtoto inayotambulika kwa uvimbe wa miguu, pamoja na mabadiliko ya ngozi na nywele na ini kujaa mafuta, ambayo hutokea pale ukosefu wa chakula, maambukizi na ugumu wa maisha vinapokutana, haijathibitishwa kuwa inatokana na kukosekana kwa kirutubishi kimoja. Pili, neno bwaki litajwe kama kisawe katika maandishi ya afya yanayotumika Rwanda na Kivu, ili mama asikie jina analolijua pamoja na onyo kwamba mtoto aliyevimba apelekwe kituo cha afya kabla ya kulishwa vyakula vizito. Tatu, hatua za afya zinazochukuliwa mpakani, ziwe za kufunga lango au za kupima sumukuvu, ziambatane na makadirio ya athari zake kwa kipato cha wafanyabiashara wadogo, kwa kuwa kipato hicho ndicho lishe ya watoto wao.

Nchini Rwanda udumavu wa watoto wa chini ya miaka mitano ulishuka kutoka asilimia 38 katika uchunguzi wa kitaifa wa 2014–15 hadi asilimia 33 katika ule wa 2019–20. Ni hatua, lakini wakati huo bado alikuwa mtoto mmoja kati ya watatu. Watoto hao, na wenzao wa ng'ambo ya pili ya lango, watafundishwa Kiswahili shuleni. Watakapofika kwenye neno unyafuzi, wanastahili kukuta maelezo yanayolingana na kinachojulikana leo, si dhana ya 1954 iliyosahaulika kwamba ilikuwa dhana.